Herufi zilizobanduka zilivyomfanya Silvana aichunguze printa yake

Saa mbili asubuhi, Mazwi, mjini Sumbawanga. Ni Desemba, ukungu haujaondoka barabarani na waendesha baiskeli wamefunga makoti hadi shingoni. Ndani ya chumba chenye kompyuta moja na printa moja, Silvana Sikazwe anachukua karatasi iliyotoka sasa hivi. Anaikunja mara nne, anapitisha ukucha kwenye kila kunjo, anaifungua na kuisugua kwa kidole gumba.

Anatazama kidole. Hakina weusi.

“Hii itafika,” anamwambia mteja, mwalimu anayeomba uhamisho. Kisha anamchapia nakala nyingine, safi, isiyokunjwa.

“Wageni wananishangaa,” anasema Silvana. “Mmoja aliniuliza, dada, mbona unaharibu barua yangu?”

Silvana, 46, mzaliwa wa Kaengesa, alikuwa mpiga chapa wa chama kimoja cha ushirika. Mwaka 1995 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwamo. Alianza upya na taipureta kwenye kibaraza cha duka la mtu. Miaka sita baadaye, mradi mmoja ulipofunga ofisi zake mjini, aliuza ng'ombe wawili aliogawiwa na kaka yake akanunua kwao kompyuta na printa ya leza iliyokwisha kutumika. Ukurasa ni shilingi 500. Siku nzuri anatoa kurasa arobaini.

Februari 2003, jioni ya mvua, aliingia mama mmoja kutoka kijiji cha Muze, chini bondeni, Bertilla Mwanakatwe. Alikuwa mjane. Shemeji zake walikuwa wamechukua shamba la marehemu mumewe na hukumu ya kwanza ikawapa haki, naye alitaka kukata rufaa kwenye baraza la ardhi mjini.

“Nilimchagulia karatasi nene, ya heshima,” anakumbuka Silvana. “Ilitoka inang'aa. Mama wa watu akafurahi.”

Bertilla aliikunja barua, akateremka nayo Muze kutafuta sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, kisha akapanda nayo tena mjini juu ya lori la mahindi. Alipoifungua mbele ya karani wa baraza, unga mweusi ulidondoka mezani. Kila palipokunjwa, herufi zilikuwa zimebanduka. Tarehe ya hukumu haikuonekana, wala mipaka ya shamba.

“Yule karani akaniambia, mama, hii barua haisemi kitu,” anasimulia Bertilla, ambaye tulimkuta Muze akipalilia. “Nikamwambia, baba, ilikuwa inasema.”

Zilikuwa zimebaki siku mbili muda wa rufaa uishe. Silvana alichapa barua nyingine siku hiyo hiyo, lakini mwenyekiti wa kuitia sahihi alikuwa Muze na lori halikushuka hadi siku ya tatu. Muda ukapita.

Silvana alifunga duka akafuatana na Bertilla hadi barazani kuomba waongezewe muda. Alibeba barua iliyobanduka na disketi yenye maneno yake yote.

“Mwenyekiti wa baraza aliuliza, kosa ni la nani? Nikasema langu. Sikuwa na neno lingine.”

Waliongezewa muda, lakini shauri lilisikilizwa baada ya mavuno. Msimu ule Bertilla hakulima, alikula kwa dada yake. Mwishoni alirudishiwa shamba, isipokuwa kipande cha chini kando ya kijito.

“Kile kipande ndicho kilikuwa na mboga,” anasema Bertilla. “Lakini Silvana hakunikimbia. Wengi wangenikana.”

Mjini, habari zilienea. Wateja walianza kumwita “mama wa barua za kufutika” na kuvuka barabara kwenda kwa wenzake. Silvana alimpigia simu fundi wa Mbeya, Andwele Mwakalinga, akaambiwa abadilishe katriji, kile kikasha cha wino. Alibadilisha. Herufi ziliendelea kubanduka.

Ndipo alipoamua kutafuta mwenyewe. Kwa wiki tatu alichapa ukurasa ule ule asubuhi, mchana na jioni, na nyuma ya kila karatasi akaandika saa, hali ya hewa na aina ya karatasi. Kisha akazipanga zote sakafuni.

“Nikaona kumbe ni magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nayatibu kama moja,” anasema.

Ugonjwa wa kwanza ni kupauka. Anaeleza kwamba wino wa printa hiyo ni unga, na unga huo huvutwa na umeme kutoka kwenye rola hadi kwenye karatasi. Karatasi iliyokaa wazi wakati wa mvua hunywa unyevu, umeme ukaipita bila kukaa, na unga haushiki wote. Ukurasa hutoka na mabaka meupe.

Ugonjwa wa pili ni kubanduka. Unga ukishatua, lazima uyeyushwe kwa joto ili ung'ang'anie. Jioni, Mazwi yote inapowasha taa, umeme wa dukani kwake ulikuwa ukipungua na joto la printa nalo likipungua. “Na mimi nikampa Bertilla karatasi nene, jioni, kwenye baridi. Ile karatasi ilihitaji joto zaidi, ikapata pungufu.”

Sasa rimu zake za karatasi hukaa ndani ya kabati la mbao lenye balbu ndogo inayowaka masika yote ili kukausha unyevu. Alinunua stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme. Kabla ya kazi hupitisha karatasi tupu kumi ili mashine ipate moto, na hati za mahakama, ardhi na shule huzichapa asubuhi tu.

Andwele alipopita Sumbawanga mwaka huu, alikagua kabati lile, akachukua karatasi na kuikunja mwenyewe.

“Dada, mimi nimesomea hizi mashine,” alimwambia. “Hili la balbu sikufundishwa.”

Kitabu kilichokuja na printa kina kurasa mia moja na kumi, kwa Kiingereza na Kijerumani. Hakuna ukurasa unaozungumzia ukungu wa Ufipa. Silvana ameanza kuandika chake, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenye steshenari wa mkoa. Amefika ukurasa wa kumi na tisa, kwa penseli.

Tulimuuliza kwa nini asisubiri kiangazi ndipo akichape.

“Hapana, nitakichapa Februari, mvua zikiwa zimekolea,” anajibu. “Kikitoka safi Februari, basi nilichoandika ni kweli. Kikibanduka, nitaanza upya.”