Siku Mama Alipokatazwa Kucheka

Picha ile ina mkono wangu, maana mimi ndiye niliyemwambia mama afunge mdomo.

Mpiga picha alitoka Nairobi, akanikuta Garsen, akaniomba nimpeleke penye ardhi iliyopasuka. Hilo tu? Nikampeleka Hewani, shambani kwetu. Mto ulikuwa umefurika na kurudi, ukatuachia tope jeusi lililoanza kukauka na kufanya nyufa. Kwetu hakuna siku tamu kama hiyo, kwani mahindi hupandwa hapo hapo, kabla unyevu haujazama. Mama alikuwa akitoboa udongo kwa mti, akitia mbegu na kufukia kwa kisigino, huku akiimba.

Kamera ilimfurahisha mno. Dada yake mkubwa aliyeko Mombasa alikuwa hampi nafasi: hama, njoo kwangu, mto umeshakufa huo. Picha ya shamba ingemnyamazisha. Mama akajitanda leso mpya, akacheka meno yote nje.

"Mwambie asicheke," mgeni akaninong'oneza.

Nikamfikishia kwa Kipokomo.

"Kwani kuna msiba?" mama akauliza, akabana kicheko mpaka machozi yakamtoka. Hapo ndipo mgeni alipopiga.

Picha ilipofika kwenye simu ya mama mkubwa, na maneno ya ukame chini yake, mahindi yalikuwa yameshabeba. Alikuja mbio na mfuko wa unga kichwani na begi tupu la kumhamishia mama.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Niko huku dada, fuata sauti."

Akapotelea kwenye mahindi, unga kichwani, akizunguka na kuita. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Tulipokuwa tukila mahindi ya kuchoma, akauliza, "Sasa ulikuwa ukilia nini?"

"Nilikuwa nacheka. Kulia nililia mwaka ule mto haukupanda. Hapakuwa na tope wala ufa, vumbi tupu. Nani alikuja na kamera?"

Mama mkubwa akang'ata hindi jingine. Nikawapiga picha wote wawili, midomo imejaa mahindi, nikamtumia yule mpiga picha. Akajibu kwamba ni nzuri, ila haionyeshi hali halisi ya huko.

Niliwasomea. Walicheka wakashikana mabega, kisha mama mkubwa akavuta lile begi, akalifungua, akaanza kupanga mahindi yake ya kurudi nayo Mombasa.