Kipimo cha Gunia

Hadi leo, nikisikia wakubwa wakisema kwamba adhabu za bangi zilipangwa kwa hekima, huchafukwa na roho. Mimi nilikuwepo zikipangwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mkalimani katika mahakama moja ndogo upande wa Molo. Sheria ilitaja kikomo cha juu tu; chini ya hapo kila hakimu alifunga watu kwa kadiri alivyoamka siku hiyo. Wakubwa wa Nakuru walipolalamika, hakimu wetu alimwita hakimu mwenzake na mwendesha mashtaka, wakafunga mlango, wakaagiza chai na mandazi. Mimi ndiye niliyewamiminia. Mizani haikuwepo, basi wakakubaliana kutumia vipimo vya sokoni. Konzi ni faini, debe ni mwaka mmoja, gunia ni miaka mitano, kwa kuwa mwenye gunia lazima awe mfanyabiashara. Wakapangusa makombo midomoni, wakacheka. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Lakini polisi walikuwa na desturi yao. Chochote walichokamata, kiwe kisu au kuku wa wizi, walikileta kortini ndani ya gunia lilelile kuukuu linalonuka pareto, limefungwa kamba na kupigwa lakiri.

Wiki hiyohiyo akaletwa mama mmoja mkulima. Alikuwa amemwacha mtoto anayenyonya kwa jirani, akijua atatozwa faini arudi nyumbani. Nikamsomea shtaka la bangi.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nayo kidogo tu, dawa ya kuku."

Hakimu alilitazama gunia mezani, leso puani. Hakulifungua.

"Gunia," akasema. "Miaka mitano."

Nikatafsiri.

"Mwambie hiyo gunia si yangu, baba," mama akaniambia. "Ni ya polisi. Yangu ni ile imefungwa na gazeti, iko huko ndani chini."

Nilimweleza hakimu yote, neno kwa neno. Akajibu kwamba amekwisha kuhukumu, na kipimo ni kipimo. Nilitamani kumtemea mate.

Mama akateremshwa kizimbani, maziwa yamelowesha gauni kifuani. Askari mmoja akalifungua gunia, akatoa kifurushi kidogo cha gazeti, akakitupa kabatini. Kisha akalikung'uta gunia dirishani na kulikunja vizuri, maana lilihitajika kwa kesi ya mchana.