Moja ya Ishirini Kwenye Pishi ya Harusi

Siku ya harusi yangu, muda mfupi kabla ya kumvisha Ambili mkufu wa ndoa, niliinama mbele ya wageni wote nikaibusu pishi ya mpunga.

Watu walidhani nimerukwa na akili. Hawakuwa mbali na ukweli.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikizipigania alama za kale za Kimalayalam, lugha yetu ya kusini mwa India, zile ambazo babu zetu waliandikia robo, nusu na vipande vidogo zaidi. Kompyuta hazikuzijua. Ili simu yoyote duniani iweze kuzionyesha, kila alama ilipaswa kwanza kupewa nafasi katika orodha kuu ya herufi.

Alama ya moja ya ishirini ilikwama. Kamati ilitaka ushahidi kwamba watu waliitumia kazini, si katika vitabu vya hesabu peke yake. Mwisho wa kuupokea: adhuhuri ya siku ileile ya harusi. Bila hivyo, inafutwa.

Mnajimu aliyepanga saa ya harusi hakushauriana na kamati.

Basi nimeketi jukwaani, hapa kwetu Ottapalam, mikono mitupu. Mbele yetu taa ya shaba, na ile pishi ya mbao imejaa pomoni, shada la maua ya mnazi limesimikwa juu yake. Mpunga wake hauguswi hadi ndoa ifungwe.

Baba mkwe, mzee Achuthan, hakuchoka kuisifu.

"Mpiga picha, njoo! Piga hapa! Pishi hii ndiyo iliyopokea kodi ya mpunga ya kijiji kizima. Haki tupu!" Akaigonga kwa kidole.

Nikatazama pale kidole kilipogonga.

Ilikuwapo. Imechongwa kando ya ukanda wa shaba. Alama yangu, ikifuata tarakimu ya moja!

Ndipo nilipoibusu.

"Moja na moja ya ishirini!" nikapiga ukelele. "Imeandikwa! Ipo!"

Zumari zikanyamaza.

"Maana yake nini, bwana harusi?" akauliza Bibi Chirutha, jirani, ambaye wazee wake walilima mashamba ya ukoo wa Achuthan.

Furaha ilinitia wazimu. "Maana yake, Bibi, pishi hii inazidi ya kawaida kwa sehemu moja ya ishirini!"



"Alaa! Achuthan!" Bibi akashika kiuno. "Kumbe wazee wangu mliwapimia kwa lidubwana hili? Haki tupu, eti! Nataka moja ya ishirini yangu!"

Baba mkwe akavimba. "Hakuna harusi! Shuka jukwaani, mwehu wewe!"

Alama nimeipata, mke ananiponyoka.

Mara Ambili akaangua kicheko hadi maua yakamdondoka nyweleni.

"Baba, keti bwana. Kilichozidi tukirudishe leo. Wapishi! Kila mgeni aongezewe payasam!"

Uwanja ukalipuka. "Moja ya ishirini yangu!" Kila mtu anadai uji ule mtamu, hata wajomba zangu, ambao babu zao hawakuwahi kulima bamia. Ngoma zikarindima, nikamvisha Ambili mkufu huku mbavu zinaniuma.

Kisha nikakimbilia simu, nikaipiga pishi picha kwa pupa kabla haijabebwa ndani. Katika picha zangu zote, kilichoonekana ni kidole gumba changu.

Mpiga picha alikuwa nayo moja safi: Baba mkwe, kifua mbele, ameielekezea kidole alama ileile.

Adhuhuri inabisha hodi. Hata hivyo, picha ya mtu haitumwi bila ruhusa yake. Nikamfuata mzee.

"Itaonekana na watu wa nje?" akauliza, bado amenuna.

"Wa dunia nzima, Baba."

"Na mimi nitaonekana?"

"Na wewe."

Akatafakari. Akasokota masharubu.

"Tuma. Lakini ole wako uyakate masharubu."

Alama ilikubaliwa.

Siku hizi daktari amempigia Baba mkwe marufuku sukari, na mama mkwe analinda sufuria kama askari. Juzi simu yangu ikalia. Ujumbe wa Baba mkwe ulikuwa alama moja tu, ile yetu ya moja ya ishirini: ൛

Nikampelekea kijiko kimoja cha payasam, kipimo halali.

Akakitazama kwa uchungu. "Kijana, umetumia pishi gani?"

Ewe msomaji, kabla hujakisifu kipimo cha ukoo wako mbele ya wageni, kisome kwanza. Ukishindwa, mwalike mkwe anayeweza, na payasam iwe ya kutosha.