Siku Niliyokaa Kitako Sokoni Ziwa

Enzi zile za walowezi nilikuwa mpakiaji wa mahindi mjini Eldoret, na sifa yangu ilikuwa moja tu: sikai. Nilikuwa nimeshatoroka shamba la mzungu upande wa Yamumbi, nikatoroka na kazi ya kupasua mbao. Rafiki zangu walisema hata kanisani nasali nikitazama mlango.

Msichana niliyempenda alitoka shamba moja la upande wa Sugoi. Nilimwomba tuoane, akasema jibu atanipa siku ya soko, katika mji mdogo wa Ziwa. Hatukusema tukutane sehemu gani ya soko. Hapo ndipo tulipokosea.

Nilifika mapema, nikazunguka. Niliporudi barabarani nililikuta lori la shamba lao limeshafika, tupu, watu wametawanyika. Lingeondoka mara tu madebe ya maziwa yakishapakiwa. Asiponiona, angerudi akiamini nimetoroka tena, na mara hii nimemtoroka yeye.

Nikawaza: anajua niko hapa, kwa hivyo ananitafuta. Tukizunguka wote wawili tutapishana mpaka jioni. Afadhali mmoja akae. Nikaketi juu ya gunia karibu na ng'ombe.

Mama mmoja aliyeuza maziwa ya kibuyu alinitazama kwa muda.

"Kijana, hilo gunia langu unaliuza ama unalilinda?"

"Namngoja msichana, Mama. Ananitafuta."

"Anakutafuta wewe! Haya, kaa. Utaota mizizi tukuvune na mahindi."

Nilicheka, lakini miguu ilikuwa inatetemeka kwa hamu ya kuondoka. Nikaitazama, na papo hapo nikaelewa. Msichana wangu anaijua miguu hii! Kwamba leo nimebadili nia nikakaa, hilo hajui. Kichwani mwake mimi bado nazunguka. Basi aliyekaa ni yeye, anangoja nipite.

Niliruka, gunia likapasuka. Mama akapiga kelele nyuma yangu, "Gunia langu, wewe!"

Nilimkuta kwenye vyungu, ameketi kwa raha zake, anatafuna muwa.

"Nilijua utapita," akasema. "Wewe hata ukifungwa kamba utazunguka nayo."

"Lakini nilikuwa nimekaa! Kule kwa ng'ombe!"

"Wewe? Umekaa?" Alicheka mpaka muuza vyungu akageuka.

Lori likapiga honi. Alikimbia, akavutwa juu na wenzake, akaniita kutoka katikati ya madebe: "Jibu ni ndiyo! Njoo kwa Baba Jumapili! Lakini usinidanganye eti ulikaa!"

Miaka mingi baadaye, katika kuhamahama kwetu, tulipanga nyumba jirani na mwalimu wa hesabu. Alinionyesha jinsi wataalamu wa mantiki wanavyoandika mambo haya kwa herufi: moja ya kujua, nyingine ya kuamini, unaziweka moja ndani ya nyingine, yeye anaamini kwamba mimi naamini. Nikamwambia hiyo niliisomea Ziwa. Akaniambia pia kwamba habari mpya ikigongana na unayoyaamini, lazima uache kitu, nawe huacha kile ambacho si kigumu sana kukiacha.

Basi nikamwelewa mke wangu. Kwake ni rahisi zaidi kuliacha neno langu kuliko kuamini kwamba niliwahi kukaa mahali pamoja. Kwa hiyo mpaka leo, kila nikipita Ziwa siku ya soko, huwa namtafuta yule mama wa maziwa. Bado namhitaji anitolee ushahidi, nami nimlipe gunia lake.