Chupa Iliyopata Joto Bila Moto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa kufagia na kuosha vyombo kwenye zahanati moja kule upande wa Nyakatuntu. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, ile baridi yetu inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Sijui kama nitaisimulia vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba, ila nitajitahidi nisimwonee mtu.

Spiriti ya kusafishia ilikuwa ikiletwa kali, tunaizimua wenyewe kwa maji yaliyochemshwa jana yake na kupoa. Siku hiyo kazi alipewa Konsolata, mwenzangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakawa vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Wadogo zake wote walikula kwa kazi yake. Na amri ya pale ilijulikana: atakayesogeza spiriti karibu na moto, anarudi kwao siku hiyo hiyo. Haikuwa amri mbaya. Spiriti ikishika moto haikungoji.

Basi Sista Yustina, muuguzi mkuu, akaishika chupa ambayo Konsolata alikuwa ametoka kuichanganya, akashtuka.

"Ina joto! Umeipeleka jikoni?"

"Waitu Sista," akajibu kwa neno letu la heshima, "sijatoka humu chumbani."

Jenista wa mapokezi akacheka. "Kwao kila kitu kinapikwa."

"Na kwenu mnahukumu kwa kushika chupa," Konsolata akamjibu.

Sista akanigeukia mimi. Jiko ambako ndugu za wagonjwa walikuwa wakichemsha ndizi lilikuwa pale pale nyuma ya ukuta. Nikaanza, "Labda alipita..."

Mama Koku, mkunga mzee, akanikatiza. "Wewe binti, umeulizwa ulichoona. Hiyo labda umeitoa wapi?"

Nikasema ukweli, kwamba nilikuwa nje nafagia, sikuona kitu.

"Basi na sisi hatukuona," akasema. "Achanganye tena, mbele yetu."

Sista, nampa haki yake, angeweza kukataa. Akakubali. Tukagusa dumu la spiriti, baridi. Tukagusa sufuria ya maji, baridi kama ya kisimani. Konsolata akamimina maji kwenye chupa tupu, akaongeza spiriti, akaitikisa kidogo. Sista akaipokea. Akaihamishia mkono wa pili. Akampa Jenista, Jenista akanipa mimi. Ilikuwa na joto, mwanangu, kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku.

"Sasa hili joto limetoka wapi?" Mama Koku akauliza. Sista akamwomba Konsolata radhi palepale. Jenista hakuomba, ila mchana nilimwona akimsogezea sahani yake ya ndizi. Konsolata alibaki kazini mpaka wadogo zake wakamaliza shule.

Mimi lile swali halikunitoka. Nilichanganya maji kwa maji, hakuna kitu. Mafuta ya taa na mafuta ya kula, sikusikia joto, ingawa kiganja changu si kipimo. Miaka baadaye mwalimu mmoja wa Rubwera alinieleza kwamba vimiminika viwili vikichanganyika, chembe zake huachiana na kushikana upya. Zikishikana kwa nguvu kuliko mwanzo, joto linatoka. Zikishikana kwa ulegevu, mchanganyiko unapoa. Huo wa kupoa sijaushika kwa mkono wangu, kwa hiyo nakuambia tu kwamba niliambiwa. Nikambana: mbona spiriti hiyo hiyo ukijipaka inakupoza? Akasema hilo ni jambo jingine, inaruka hewani na kuondoka na joto la ngozi. Naona nilimwelewa, sina uhakika.

Nasaha yangu ni hii. Ukiulizwa habari za mtu, sema ulichoona, na kama hukuona, sema hukuona, hata kama wakubwa wanangoja jibu jingine. Jambo likiwezekana kurudiwa mbele ya macho, lirudiwe kabla mtu hajafukuzwa. Yapo yasiyorudiwa, najua. Kwa hayo sina ushauri mkubwa, isipokuwa usiharakishe.

Mungu akupe macho ya kushangaa na ulimi wenye subira. Siku ukisingiziwa wewe, usikose wa kukusimamia. Uishi, uzae, uwaone wajukuu.