Bampa Lililonyooka Mno

Mama yetu ni fundi cherehani, na gari lake amelinunua kwa sindano. Humo hupakia sare za shule alizozishona, huzipeleka mwenyewe, na hugombana na mwalimu mkuu yeyote anayethubutu kusema pindo ni fupi. Kaka yetu mkubwa hayo hakuyaona. Aliona umri tu. Alitukalisha sebuleni akasema, "Mama, ukigonga tena, funguo nachukua mimi. Tutakutafutia dereva."

"Dereva wa kunipeleka wapi? Kaburini?"

Basi siku moja kabla ya Kaka kuja tena, si Mama akagonga! Nguzo ya geti, kona ya kulia. Bampa likachomoka kwenye vishikizo vyake, likabaki linaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nilishikwa na hofu. Bila gari, sare zingelala kabatini, na Mama ninayemjua mimi angelala nazo. Nikalikamata bampa nilivute lirudi kwa nguvu.

"Toa mikono yako!" akafoka. "Mshono uliopinda hauvutwi, hufumuliwa."

Akalifumua kweli. Tulitoa skrubu za chini na za pembeni mwa magurudumu, tukalishusha bampa zima mkekani. Palipobonyea akapamwagia maji ya moto mpaka plastiki ikalainika, akapasukuma kwa ndani, kiganja kimefungwa kitambaa. Kishikizo kilichopinda akakinyoosha kwa koleo. Tulipolirudisha, akatoa utepe wake wa kupimia, akapima uwazi kati ya bampa na taa. Kulia sawasawa. Kushoto kidole kizima kiliingia.

Huo uwazi wa kushoto tulishauzoea. Aliuleta Kaka, zamani, alipokuwa anajifunza kuendesha. Nguzo ile ile.

"Huo uache, Mama," nikasema.

"Niache pindo moja limeinuka? Mimi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamshikia, akapanyoosha na huko.

Kesho yake Kaka alifika, akatoa funguo msumarini kama vile nyumba ni yake, akaanza kulizunguka gari. Upande wa kulia akapita. Upande wa kushoto akasimama, akainama, akajaribu kuingiza kidole. Hakikuingia.

"Hili bampa mbona limenyooka?"

Nilitazama viatu vyangu. Mama alikuwa anatoka na furushi la sare kichwani, wala hakupepesa macho.

"Jana nimeigonga nguzo. Nimelifungua bampa, nimelinyoosha, na pale pako nimepanyoosha pia."

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana nyinyi. Wewe ulipoigonga, baba yako alisema usiguse gari tena maishani. Mimi nilifanya nini?"

Kaka aliigeukia nguzo. Nilimwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu.

"Ulinirudishia funguo," akasema. "Ukaniambia nirudi nyuma, nijaribu tena."

"Haya." Mama akanyoosha mkono.

Kaka akampa funguo. Kisha akaenda mwenyewe kufungua geti, pande zote mbili, akasimama katikati kumwelekeza kwa mikono. Mama alipakia furushi lake, akawasha gari, akashusha kioo.

"Toka hapo, mwanangu," akasema. "Nguzo moja inatosha."