Pampu ya Kogo

Nikipita duka la vifaa vya shamba pale Litein na kunusa mipira mipya ya maji, huwa nacheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo, na wageni walikuwa wamekuja kumposa shangazi yangu. Busaa, pombe yetu ya kienyeji, ilijaa pipa zima, zito mno kuinamisha, kwa hivyo nyanya, tuliyemwita Kogo, akaleta pampu ya mkono yenye mpira wa kutolea. Aliipiga na kuipiga, ikawa inakohoa hewa tu.

"Ina kiu hii," Kogo akasema. Akaimiminia kikombe cha busaa kwa juu, akapiga tena.

Baba wa bwana harusi, mzee wa kanisa aliyekuwa ameshatangaza kwamba yeye ni wa chai tu, akaja kusaidia. Akainua mdomo wa mpira, akachungulia ndani.

Busaa ikamrukia usoni, ikamlowesha kofia, tai na koti la Jumapili. Shangazi akajifunika uso kwa leso, akijua ameshaachwa.

Mzee akalamba masharubu taratibu.

"Pole sana, baba," Kogo akasema. "Tukuletee chai?"

"Chai ingoje kwanza," akajibu, bila kuuachilia ule mpira.